Rafu Tupu Haimtajirishi Jirani

Mtandao mkubwa wa matangazo ya kuuza na kununua nchini Kanada unaitwa Kijiji. Ndiyo, neno letu lenyewe. Kampuni ya eBay ililichota kwenye Kiswahili mwaka 2005 na kulihamishia kwenye theluji. Humo watu wa Toronto huuziana makochi, baiskeli na matairi ya msimu wa baridi. Mwishoni mwa mwaka 2020 humo humo ulanguzi wa PlayStation 5 ulijianika hadharani. Bei halali ya mashine hiyo ya gemu ilikuwa dola 629.99 za Kanada. Ukijumlisha kodi ya mauzo ya Ontario ya asilimia 13, unalipa 711.89. Walanguzi walitaka mamia ya dola zaidi, boksi likiwa halijafunguliwa na utepe wa kiwandani uko pale pale. Madukani haikuwapo. Sony, mtengenezaji wake, ilikwishatangaza kwamba siku ya uzinduzi, tarehe 12 Novemba, mauzo yatakuwa ya mtandaoni tu, na siku 11 baadaye Toronto na jirani yake Peel zikawekewa vizuizi vya Korona, maduka mengi yakabaki kumkabidhi mteja mzigo wake mlangoni. Aliyetaka PS5 kabla ya Krismasi alikaa mbele ya skrini akibonyeza ukurasa ule ule, akishindana na programu za kompyuta zinazonunua kwa kasi isiyofikiwa na kidole cha mtu.

Mwalimu yeyote wa uchumi angesema hapo ndipo mpinzani anapopata chake. Duka la Juma likiishiwa sukari, wateja wanavuka barabara kwenda kwa Ali, na wengine hawarudi tena. Microsoft, iliyokuwa imezindua Xbox Series X na Series S siku mbili kabla ya Sony, ingepaswa kuwazoa wateja wote waliokuta rafu tupu. Watu wengi waliamini hivyo wakati ule, na bado hoja hiyo inarudiwa kila mashine mpya inapoadimika. Mimi naona historia ya biashara hii inasema jambo tofauti kabisa. Uhaba haumhamishi mteja wa gemu kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Unamgandisha alipo, na pamoja naye unagandisha ushindani wenyewe: kampuni zinaacha kugombea wateja, wateja wanaanza kugombania mashine.

Turudi nyuma miaka 20. PlayStation 2 iliingia Amerika ya Kaskazini tarehe 26 Oktoba 2000. Mwezi mmoja kabla, Sony ilikiri kwamba kwa upungufu wa vijenzi italeta mashine 500,000 siku ya kwanza badala ya milioni moja iliyoahidi. Rafu zikabaki wazi msimu mzima wa sikukuu. Kando yake palikuwa na Dreamcast ya Sega, mashine nzuri ambayo hadi leo ina wapenzi wake, ikiwa imejaa madukani kwa dola 149 za Marekani, wakati PS2 ilikuwa dola 299. Kama kuna siku ambayo rafu tupu ya mmoja ilipaswa kumtajirisha jirani, ni siku hiyo. Mpinzani alikuwa na mzigo, alikuwa na bei nusu, alikuwa na gemu za mwaka mzima tayari. Tarehe 31 Januari 2001, hata theluji ya msimu ule haijayeyuka, Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast na inajiondoa kwenye biashara ya mashine. PS2 iliyokuwa haipatikani ikaja kuuza zaidi ya milioni 150. Wanunuzi hawakuvuka barabara. Walisubiri.

Walisubiri tena baada ya 2020, na safari hii tarakimu zinaonyesha vizuri zaidi jinsi foleni inavyokaa bila kuvunjika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, Sony ilikusudia kuuza PS5 milioni 14.8, takribani sawa na mwaka wa pili wa PS4. Ikauza milioni 11.5, kwa kukosa chipu. Kama pengo lile la zaidi ya milioni tatu lingekuwa la wateja waliokata tamaa na kwenda kwa jirani, mwaka uliofuata ungekuwa wa kulamba vidonda. Lakini Januari 2023 Jim Ryan, mkuu wa PlayStation wakati huo, aliposimama Las Vegas kutangaza kwamba mashine sasa zitapatikana kwa urahisi, mauzo yakafoka kama maji yaliyoondolewa kizuizi: milioni 19.1 mwaka huo wa fedha, na milioni 20.8 uliofuata. Hao hawakuwa wateja wapya walioshawishiwa na tangazo zuri. Wengi wao ni watu waliokuwa kwenye mstari tangu mwanzo.

Kwa nini mtu asubiri miaka miwili kitu ambacho mpinzani anacho leo? Kwa sababu mashine ya gemu haifanani na sukari. Kijana aliyenunua gemu 40 za PS4 kwa njia ya mtandao hana diski za kumuuzia jirani. Gemu zake ziko kwenye akaunti, na akaunti ile inafunguka kwenye PS5 lakini haifunguki kwenye Xbox. Marafiki anaocheza nao Jumamosi usiku wako upande huo huo. Padi zake, vikombe alivyoshinda, mwendo wa vidole alivyouzoea, vyote viko huko. Kuhama kunagharimu zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye boksi. Phil Spencer, aliyekuwa akiiongoza Xbox, alisema jambo hili mwenyewe Mei 2023, kwa unyoofu ambao wakuu wa kampuni huwa hawana: kwamba walishindwa katika kizazi kibaya kuliko vyote vya kushindwa, kile cha PS4 na Xbox One, kwa kuwa ndipo watu walipojenga maktaba zao za gemu za kidijitali. Kwa maneno mengine, mechi ya 2020 ilikwishaamuliwa mwaka 2013. Rafu tupu za Toronto zilikuja kukuta matokeo yamekwishabandikwa ukutani.

Kuna sababu ya pili, na hii inafika hadi ukingoni mwa jiji lenyewe. Kaskazini mwa Toronto, mjini Markham, ndiko kulikokuwa na makao makuu ya ATI, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1985 na wahamiaji kutoka Hong Kong, ambayo chipu zake za picha ziliwahi kuwamo ndani ya Xbox 360 na Wii ya Nintendo. Mwaka 2006 kampuni ya AMD ya Marekani iliinunua kwa dola bilioni 5.4, na AMD bado ina wahandisi wengi Markham. Ufungue PS5, ufungue na Xbox Series X, utakuta chipu kuu ya zote mbili ni ya AMD, na zote zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, TSMC wa Taiwan, kwa teknolojia ile ile ya nanomita 7. Mahasimu wawili wanaotukanana kwenye matangazo wanachota kisima kimoja. Kisima kikikauka wanakauka wote, na shindano linahama kutoka dukani kwenda kwenye meza ya mgao, ambako mnunuzi hana kiti. Pale hakuna anayeuliza gemu ipi ni nzuri. Linaloulizwa ni nani aliweka oda mapema, kubwa kiasi gani, na kwa bei ipi.

Microsoft ilijaribu kuucheza mchezo huo kwa akili. Series S, mdogo wake Series X, ina chipu ya milimita za mraba 197 hivi, wakati ya kaka yake ni 360. Kwenye sahani moja ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300 unakata chipu za Series S karibu maradufu. Ndiyo maana kipindi ambacho Series X na PS5 zilikuwa kama mvua ya kiangazi, Series S ilionekana madukani Kanada, kwa dola 379.99. Hapo tulikuwa na Dreamcast nyingine: rahisi, ipo, na inacheza gemu mpya. Iliuzika, sikatai. Lakini angalia mwisho wake. Mwaka 2024 Microsoft ilianza kupeleka gemu zake za kipekee kwenye PlayStation, nne za kwanza zikiwamo Sea of Thieves na Hi-Fi Rush. Oktoba 2025 ikatangaza kwamba hata Halo, iliyokuwa nembo ya Xbox tangu 2001, itaenda PS5. Aliyekuwa na mzigo rafuni wakati wa njaa sasa anapanga bidhaa zake kwenye duka la yule aliyekuwa hana.

Atatokea mtu na mfano wa Xbox 360, na ana haki. Mashine hiyo ilitoka Novemba 2005, PS3 ikachelewa hadi Novemba 2006, na Ulaya hadi Machi 2007 kwa sababu ya uhaba wa kijenzi cha leza ya buluu. Microsoft ilinufaika sana. Lakini mazingira yalikuwa mengine: kwa mwaka mzima PS3 haikuwapo kabisa, na ilipokuja ilikuwa ya hadi dola 599 za Marekani, bei iliyomfukuza hata shabiki. Tena gemu wakati ule zilikuwa diski; ungeweza kuziuza za zamani na kuanza upya. Mlango wa kuhama ulikuwa wazi kuliko ulivyo leo. Ninachokisema kina mpaka wake, basi: uhaba humpa jirani nafasi pale tu mteja anapokuwa bado hajajenga nyumba. Akishajenga, atalala nje akisubiri mafundi, hatahamia kwa wengine.

Sasa tuje kwa anayeumia. Tumezoea kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Katika biashara hii ni kinyume. Fahali wasipopigana ndipo nyasi huumia. Kwa miongo kadhaa mashine za gemu zilikuwa na desturi ya kushuka bei kadiri zinavyozeeka: PS2 ilitoka dola 299 za Marekani ikafika 199 ndani ya miaka miwili, kwa kuwa mpinzani alikuwa mlangoni. PS5 imepanda. Agosti 2022 Sony iliongeza bei Kanada kutoka 629.99 hadi 649.99. Agosti 2023 Microsoft ikafuata, Series X ikatoka 599.99 na kufika pale pale 649.99, tarakimu kwa tarakimu. Mkazi wa Toronto aliyesubiri miaka mitatu ili apate punguzo alikuta amesubiri apate nyongeza.

Kampuni zilitaja mfumuko wa bei na thamani za sarafu, na si uongo. Kanada inalijua jambo hilo vizuri. Mwaka 2014, bila uhaba wowote wa kutisha, PS4 ilipandishwa bei nchini kwa sababu dola ya Kanada ilikuwa imedhoofika. Lakini kuna jambo dogo la kutia shaka. Katika nyongeza zote mbili, ya 2022 na ya 2023, Marekani iliachwa. Marekani nako kulikuwa na mfumuko wa bei, tena mkali. Tofauti ninayoiona ni kwamba huko ndiko Xbox ina nguvu kuliko kwingine na ndiko kosa la bei lingegharimu zaidi. Penye ushindani wa kweli, bei ilitulia. Kwingine foleni ndefu iliwahakikishia wauzaji kwamba hata wakiongeza dola 20, hakuna atakayetoka kwenye mstari.

Wapo wanaosema uhaba huu hutengenezwa makusudi ili bidhaa ionekane ya thamani. Hoja hii inapendwa sana vijiweni, nami naona ni dhaifu. Mashine za gemu huanza kuuzwa kwa faida ndogo mno au kwa hasara. Sony yenyewe ilisema mwaka 2021 kwamba PS5 ya dola 499 za Marekani ndiyo kwanza imeacha kuuzwa kwa hasara. Faida iko kwenye gemu, usajili na asilimia inayokatwa kwenye kila mauzo ya duka lao la mtandaoni. Mashine ambayo haijauzwa ni kijana ambaye hanunui gemu. Mwenye basi haachi abiria kituoni ili basi lake lionekane la heshima. Ninachokubali ni kwamba kampuni yenye wateja walioganda haina haraka ya kukopa fedha nyingi kumaliza uhaba, na hilo linatosha kuurefusha bila njama yoyote.

Wengine wanamtetea mlanguzi. Wanasema anapeleka mashine kwa anayeitaka zaidi, na bei yake ndiyo bei ya kweli ya soko. Kwenye viazi ningewasikiliza. Hapa wanasahau fedha ile inakwenda wapi. Dola 300 za ziada alizolipa mzazi wa Scarborough, mashariki mwa Toronto, hazikwenda Sony kuongeza uzalishaji, wala Ubisoft Toronto, studio ya mtaa wa Wallace ambayo ndiyo iliyoongoza utengenezaji wa Watch Dogs: Legion na Far Cry 6. Ni gemu tatu au nne ambazo hazikununuliwa. Mlanguzi hukata mti unaozaa matunda ya biashara nzima, kisha anajiita mkulima. Sheria za Ontario zina kigugumizi hapa. Machi 2020 serikali ya jimbo ilipiga marufuku kupandisha bei za barakoa, glavu, dawa na vitakasa mikono, na mashine za gemu hazikuwamo, sawa. Lakini jimbo hilo hilo lina Sheria ya Mauzo ya Tiketi ya 2017 inayokataza kutumia programu kunyakua tiketi. Anayenyakua tiketi za Raptors, timu ya mpira wa kikapu ya Toronto, kwa roboti amevunja sheria. Sheria hiyo haimgusi anayenyakua bidhaa za rafuni kwa roboti ile ile. Kuongeza kifungu kimoja hakungekuwa kazi ya kumvunja mtu mgongo.

Hata hivyo nisingetegemea polisi. Wasomaji wa rika fulani wanakumbuka Tanzania ya Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, msako wa wahujumu uchumi na walanguzi ulipopita mji kwa mji, sabuni na vitambaa vikafukuliwa vilikofichwa. Msako ulileta hofu, na kwa wiki kadhaa ulileta bidhaa. Kisha foleni zikarudi. Bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mizigo, maduka yakaanza kujaa. Kilichomaliza ulanguzi wa sabuni hakikuwa msako, ni sabuni.

Nintendo inaelekea kulielewa hilo. Switch 2 ilitoka 5 Juni 2025, na mkuu wa kampuni, Shuntaro Furukawa, alikuwa amesema wazi kwamba dawa ya walanguzi ni kutengeneza mashine za kutosha. Japani peke yake watu milioni 2.2 waliingia kwenye bahati nasibu ya duka la kampuni, na sharti lilikuwa uwe umecheza Switch ya kwanza saa 50 na uwe mwanachama wa huduma yao kwa mwaka mzima. Mlanguzi hana saa 50 za kucheza. Siku nne za kwanza ziliuzwa mashine milioni 3.5 duniani. Hata hivyo Kanada ilionjeshwa udogo wake: oda zilizopaswa kufunguliwa tarehe 9 Aprili zilisogezwa ili ziende sambamba na Marekani, ambako ushuru mpya wa Washington ulikuwa umevuruga hesabu. Ushuru ule haukuwa wa Kanada, lakini Mkanada akaambiwa asubiri.

Anayeona haya yote ni starehe ya watoto angetazama magari. Chipu zilizokosekana kwenye gemu zilikosekana pia kwenye kiwanda cha GM cha Ingersoll, Ontario, kilichosimamisha kazi Februari 2021, na mashine na gari vilifuata njia ile ile: bei juu, cha mtumba juu, mnunuzi akasubiri. Sasa uhaba mwingine umekwishaanza, wa chipu za kumbukumbu. Viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, vinavyolipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuifunga Crucial, chapa iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. PS5 inahitaji gigabaiti 16 za kumbukumbu, Xbox Series X 16, Switch 2 gigabaiti 12. Safari hii pia hakuna hata mmoja mwenye kisima chake.

Huko nyumbani Afrika Mashariki, uhaba wa 2020 uliacha zawadi isiyokusudiwa. Kwa kuwa PS5 hazikutosha, watengenezaji waliendelea kutoa gemu kwa ajili ya PS4 kwa miaka ambayo kwa kawaida ingekuwa imezikwa. Far Cry 6 ya Ubisoft Toronto ilitoka kwa zote mbili, na hata EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 inacheza kwenye PS4. Vibanda vya gemu vya Manzese jijini Dar es Salaam na Kayole jijini Nairobi, ambako mechi hulipiwa moja moja, vinaishi kwa toleo hilo la mpira, kwa mashine za mtumba ambazo nyingine zilipitia sebule za Ulaya na Kanada. Siku toleo la PS4 litakapokoma, wenye vibanda watalazimika kuingia sokoni kutafuta PS5, na bei watakayoikuta itakuwa imekwishapangwa na anayegawa kumbukumbu.